Ini Langu na Mahindi ya Mama

Ukiamka asubuhi, ukajitazama kwenye kioo na kuona weupe wa macho umegeuka manjano, usianze kujitetea. Watu watakuuliza umekuwa ukinywa nini. Mimi waliniuliza wote: muuza dawa, mama mboga, mwenyekiti wa kwaya yetu anayenijua tangu nikiwa msichana, na hata mwanafunzi mmoja aliyeniambia kwa upole kwamba mjomba wake aliacha na akapona. Sijawahi kuonja pombe. Nilizaliwa katika nyumba ambayo hata chupa tupu ya bia haikuruhusiwa kutiwa mafuta ya taa. Lakini ini likiugua, wa kwanza kushtakiwa ni mwenye ini, na utamaliza nguvu zako bure ukitaka kumshawishi kila mtu. Nenda hospitali kwanza. Utabishana nao ukipona.

Mimi nimepona kiasi cha kubishana, ndiyo maana ninaandika.

Jina langu ni Mwikali. Ninafundisha hisabati katika chuo kikuu kisicho mbali na soko la Kwa Vonza, na kwa miaka kadhaa mimi na mwenzangu Abdi tumekuwa tukijenga ini ndani ya kompyuta. Watu hucheka nikisema hivyo. Si ini zima. Ni kipande kidogo kuliko punje ya wimbi, kwa maana ini lote limeundwa kwa vipande vya aina hiyo vilivyopangwa bega kwa bega. Katika kila kipande damu huingilia pembeni, hupita kati ya safu za seli, kisha hutokea katikati. Tunaandika kanuni chache za hesabu, tunamwaga sumu kwenye ile damu ya kompyuta, halafu tunakaa kutazama.

Kilichonivutia tangu mwanzo ni kwamba hakuna seli inayotoa amri. Kila moja inajua tu kile kilichoifikia baada ya zile za mbele yake kuchukua chao, na kwa kujua hilo peke yake zinagawana kazi, hizi zinashika hii na zile zinashika ile, mpaka damu inatoka safi. Zile zilizo karibu na njia ya kutokea ndizo huvunjavunja sumu nyingi. Tatizo ni kwamba kuna sumu ambazo zikivunjwa, vipande vyake ni vikali kuliko sumu yenyewe, na anayeumia ni aliyefanya kazi ya kuvunja. Nimewachorea wanafunzi jambo hilo ubaoni mara nyingi, nikifuta chaki mikononi na kuulizia kama kuna swali. Nadharia naiacha hapo, maana aliye kitandani hahitaji darasa.

Yalinianza baada ya mavuno ya vuli. Kwanza ulikuwa uchovu, na uchovu wa mwalimu hakuna anayeushangaa, hata mwalimu mwenyewe. Kisha harufu ya mafuta yakikaangwa ikanishinda. Nilikuwa nikipita kando ya kibanda cha chipsi pale sokoni nimeziba pua na leso. Ngozi ikaanza kuniwasha mpaka nikawa najikuna kwa rula nikiwa darasani. Mkojo ukawa na rangi ya turungi, na mimi nikajiambia ni kwa sababu sinywi maji ya kutosha, maana sisi watu wa ukame tuna jawabu moja kwa maradhi yote.

Aliyeona ni Abdi. Abdi ni kijana wa Kiislamu ambaye jamaa zake huuza mifugo huko kaskazini, mpole kupita kiasi, na huwa hanitazami usoni sana kwa sababu ya adabu. Siku hiyo alinitazama.

"Madam," akasema, "usinikasirikie. Macho yako leo si ya kawaida."

"Yako vipi?"

"Yako kama ya mbuzi ambaye mjomba wangu hawezi kumnunua."

Nilicheka, halafu nikaenda chooni kujitazama, na sikucheka tena.

Mume wangu, Mutua, ana duka la vipuri Makindu, kwenye barabara ya Mombasa. Mimi huishi katika nyumba ya kupanga huku Kwa Vonza siku za kazi, na watoto wetu wako shule ya bweni, kwa hiyo wiki nzima nilikuwa ninapika na kula peke yangu. Kumbuka hilo, kwa sababu madaktari nao walichukua muda kulikumbuka. Mutua alikuja na gari la rafiki yake akanipeleka hospitali kubwa, tukakaa kwenye benchi ya mbao iliyong'arishwa na makalio ya wagonjwa waliotutangulia. Ukikaa kwenye benchi hiyo utajifunza kusoma nyayo. Muuguzi mwenye haraka haji kwako. Anayetembea polepole akiangalia vichwa vya watu, huyo amebeba jina la mtu. Nilikuwa natamani aniite, na akiwa karibu natamani apite.

Walinilaza. Tumbo likavimba mpaka sketi hazikufunga, huku mikono na uso vikikonda. Kila walipodunga sindano pakabaki doa la zambarau kama zambarau yenyewe. Walinipa dawa tamu ya maji ambayo kazi yake ni kukupeleka chooni, nawe ukilalamika wanakuambia ndivyo inavyotakiwa. Nitakuambia ukweli ambao watu hawapendi kuuandika: nilivaa nepi, mimi mwalimu wa chuo kikuu, na aliyenibadilisha mara nyingi ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mama wa makamo kutoka Kibwezi aliyekuwa na nafuu kidogo kuliko mimi. Sikuwahi kumwomba. Alikuwa anasema tu, "Geuka, mwalimu," nami nageuka.

Lililoniogopesha kuliko yote halikuwa tumbo. Kila asubuhi daktari, mwanamke mwenye sauti kavu, alikuwa ananiambia ninyooshe mikono mbele kama ninayezuia mlango, na mikono ilikuwa inapigapiga yenyewe kama mbawa. Kisha anasema, "Toa saba kwenye mia. Endelea kutoa." Nikasema tisini na tatu. Nikatafuta iliyofuata. Nilijua kwamba ipo. Nilijua kwamba nimewahi kuwa mtu ambaye angeisema akiwa usingizini. Nililia, si kwa sababu ya kufa, bali kwa sababu ya hiyo namba.

Mamangu alikuja kutoka Kyuso akiwa na chakula.

Lazima nikueleze kuhusu mamangu, Syombua. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye huniita "mwaitu", yaani mama, nami pia humwita mwaitu, na mgeni akitusikia hawezi kujua nani amemzaa nani. Ni mjane. Anaishi na Kanini, mke wa kaka yangu, na wajukuu wawili, maana kaka yangu anafanya kazi Mombasa. Yeye na wanawake wa mwethya wao, kikundi cha kusaidiana kazi, walichimba matuta ya kilima chote kile kwa mikono, na wana shamba la pamoja. Mwaka huo mvua ilichelewa kuisha, ikawanyeshea mahindi yakiwa yameanikwa. Na kwa kuwa wezi walikuwa wamevunja maghala ya watu msimu uliotangulia, wale wanawake waliamua jambo walilodhani ni la busara: waligawana mavuno yale, kila mmoja akaficha fungu lake ndani ya nyumba, chini ya kitanda anacholalia, kwenye sakafu ya udongo, chini ya karatasi ya nailoni. Mwizi ataibaje mahindi unayoyalalia bila kukuamsha?

Lile gunia alilonipa mimi nilipoenda kumsalimia lilitoka chini ya kitanda chake, upande wa ukutani, mahali pa heshima. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye vichwa. Tukaziosha kwa majivu, tukazianika, yeye na Kanini wakazitwanga ziwe muthokoi, mahindi yaliyotolewa maganda. Yalikuwa meupe. Nilikula yale wiki baada ya wiki, jioni kwa jioni, peke yangu, na nikasema hakuna mahindi matamu kama ya mama.

Sasa alikuwa amesimama kando ya kitanda changu na bakuli la muthokoi lenye mvuke. Mgonjwa haulizwi uji, na mamangu aliishika methali hiyo kama sheria. Alikuwa amenitia kijiko cha pili mdomoni daktari alipopita.

"Hayo mahindi ni ya wapi?" daktari akauliza.

"Ya shamba letu," mamangu akasema kwa fahari.

Daktari akalichukua bakuli, akazinusa zile punje, akauliza yalivunwa lini, yakahifadhiwa wapi. Kisha akasema asile mtu. Alisema ni ile sumu ya kuvu ambayo husikika redioni karibu kila baada ya mavuno mabaya, na akaomba gunia lipelekwe kupimwa. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile kavu, na wodi nzima ikasikia neno moja tu: sumu.

Mutua alikuwa mlangoni. Amekaa usiku na mchana hospitalini, hajalala, anaogopa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni, heshima ya kuoneana haya. Hawakai meza moja, sembuse kulaumiana. Mutua akaivunja hapo hapo.

"Mama, basi ni chakula chako. Ni chakula chako kimemfikisha mke wangu hapa!"

Mamangu alifunika bakuli kwa leso yake, akalibeba, akatoka. Hakuniaga. Mpaka ilipofika jioni habari ilikuwa imefika Kyuso, na ikifika huko haikuwa tena habari ya ukungu. Ilikuwa Syombua amemlisha bintiye sumu. Huwezi kujua uzito wa maneno hayo kama hukukulia kwetu. Anayemtilia mtu kitu kwenye chakula ana jina lake, muoi, mchawi, na jina hilo haliondoki na maji.

Nilikaa wodini masika yote. Nilisikia mvua kwenye mabati kabla sijaweza kunyanyuka kuiona. Sumu ikaacha kuingia, na siku zikaanza kufanana vizuri: tumbo likapungua, mikono ikatulia, na asubuhi moja nikamwambia daktari tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, mpaka akasema, "Inatosha, mwalimu, tumeamini." Majibu ya gunia yalikuwa yamerudi, na yalikuwa mabaya kama alivyodhani.

Abdi alikuja kunitembelea na tende. Nikamwomba aendeshe modeli yetu kwa namba zangu, zile za damu, aone kama ini langu litarudi.

"Sitaki," akasema.

"Ni amri ya mkubwa wako wa kazi."

"Modeli haikujui, madam. Inajua seli mia chache ambazo tulizitunga mimi na wewe. Nikikuletea jibu baya utaliamini, na nikikuletea zuri utaacha dawa."

Nilimkasirikia kwa muda mfupi, kisha nikaona ana haki. Lakini alipoondoka niliendelea kuwaza, si juu yangu. Kuna kitu tulichokuwa tumekiona kwenye ile modeli ambacho hatukukipa uzito. Tukimwaga sumu nyingi kwa mara moja, seli zinakufa, damu inatoka chafu na kila mtu anaona. Tukimwaga kidogo kidogo bila kukoma, seli za jirani zinachukua kazi ya zilizokufa, zinajitanua, na damu inaendelea kutoka safi. Ukitazama kutoka nje utasema hakuna shida. Wasaa wa kusema kuna shida ukifika, waliobaki ni wachache mno. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na sijui kiungo kinachoficha maradhi kama hiki.

Mamangu alikuwa bado ana mahindi yale. Wao walikuwa wakila kidogo, wakichanganya na mbaazi na ndengu, ndiyo sababu walikuwa bado wamesimama. Nilipiga simu. Hakushika. Nikapiga tena na tena, siku kwa siku, mpaka Kanini akashika.

"Mwaitu yuko shamba," akasema.

"Kanini, tafadhali. Bado mnakula yale mahindi?"

"Sasa Mwikali, tusipokula hayo tutakula nini? Upepo?"

"Nitatuma unga. Mtupe hayo."

"Wewe ndio umwambie atupe. Akiyatupa, si ni kusema wale watu wako right? Atakuwa amekubali ni yeye. Anayala makusudi, unaelewa? Anayapika sufuria kubwa, anakula mbele ya kila mtu anayekuja hapa, watoto pia wanakula. Anasema, wacheni nione kama nitakufa."

Nilibaki na simu sikioni baada ya yeye kukata. Sijawahi kuogopa hivyo, hata nilipokosa ile namba. Mamangu alikuwa anajisafisha jina kwa kula sumu, na ini lake likimsaidia kuficha.

Nilitoka hospitali masika yakiisha. Kwa ajili ya kliniki nilihamia Makindu kwa Mutua, na hapo ndipo nilipogundua kwamba naogopa chakula. Niliinusa kila punje. Niliishi kwa ndizi na mayai, vitu vyenye ganda, na Mutua aliacha kula nyumbani kwa kuchoka kutazamwa anavyokula. Tuligombana juu ya mkate. Siku moja, tukitoka kliniki nikiwa na kizunguzungu, akanipeleka kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bila kuulizwa ametoka wapi. Mzee mwenye kilemba akaniwekea dengu na chapati kwenye sinia la bati. Sikujua nafaka ile ilitoka wapi wala ilihifadhiwa na nani. Mutua alinitazama. Nilikula kidogo, nikaongeza. Kisha nikamwambia, "Nipeleke Kyuso."

"Mimi siwezi kumtazama mamako usoni," akasema.

"Hata kabla ya hapo hukuruhusiwa. Nipeleke tu."

Tulifika wakati wa upepo wa kipupwe, nchi yote rangi ya kahawia. Mutua alibaki nje ya boma kama inavyompasa, akajifanya anakagua matairi. Habari ya kuja kwetu ilikuwa imetutangulia, kwa maana wanawake wa mwethya walikuwa wamekaa kwenye mkeka, karibu wote. Hawakuja kunisalimia. Walikuja kuona.

Mamangu alikuwa amekonda. Alinishika mkono kwa ncha za vidole, akaniuliza habari ya safari kama mtu wa ofisini. Kisha akaingia jikoni, akatoka na sahani ya muthokoi, akaiweka mbele yangu juu ya kigoda. Nikikataa, nimemshtaki mamangu mbele ya mashahidi aliowaita mwenyewe. Nikila, daktari ameniambia itakavyokuwa. Alisimama hapo akinitazama. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa pamoja.

Sikuigusa sahani. Nikatoa kompyuta kwenye mkoba.

"Mwaitu," nikasema, "kabla sijala, nataka uone kazi inayonilisha. Hujawahi kuiona."

Hilo hakulitarajia. Akakaa. Wanawake wakasogea, maana hakuna anayekataa kutazama kitu. Nikawaonyesha kipande cha ini kwenye skrini, seli za kijani zimejipanga, damu inaingia pembeni, inatoka katikati.

"Hawa wadogo wadogo ni akina nani?" akauliza Ndinda, jirani wa mamangu tangu zamani.

"Ni wafanyakazi ndani ya ini. Kazi yao ni kutoa uchafu kwenye damu."

"Mkubwa wao ni nani?" mamangu akauliza.

"Hawana."

"Watajuaje nani afanye nini?"

"Kila mmoja anaona kile ambacho wenzake hawajamaliza, anakifanya."

Ndinda akacheka. "Kama sisi kwa matuta. Ukifika unaona pengo, unachimba. Isipokuwa Kanini, yeye huona kivuli." Wakacheka wote, na Kanini pia.

Kisha nikawaonyesha sumu. Sikusema ya nani. Niliwaambia kwamba kuvu ikiota kwenye mahindi yaliyolowa inaacha kitu ambacho hakioshwi kwa majivu wala hakitoki kwa jua wala kwa moto. Niliongeza kidogo kidogo. Seli za karibu na katikati zikawa nyekundu, kisha moja moja zikawa nyeusi.

"Mbona ni hao wanakufa?" mamangu akauliza. "Walifanya nini?"

"Ndio waliofanya kazi kubwa kuiondoa. Sumu inawaumiza mkononi wakiivunja."

"Na aliyeileta?"

"Hakuna aliyeileta, mwaitu. Ni mvua. Ini halijui mtu. Halijui kama chakula kimetoka kwa adui au kwa mama."

Mamangu akanyoosha kidole, kigumu kama kipande cha kuni, akagusa skrini pale palipokuwa bado na kijani.

"Hawa wanajua wenzao wamekufa?"

"Wanajua kwa kuwa kazi imewaongezeka."

"Na mwenye ini anajisikiaje?"

"Anajisikia mzima. Analima, anapika, anakula mbele ya watu. Mpaka siku hawa wanapoisha."

Alitazama kwa muda mrefu. Wajukuu wake wawili walikuwa wamechuchumaa nyuma yake, mmoja amemshika bega, wakizitazama zile rangi kama katuni. Akageuza shingo, akawatazama wao. Kisha mamangu akainuka, akaichukua ile sahani mbele yangu. Kwetu mgeni hawezi kukirudisha chakula, lakini mwenye nyumba anaweza kukiondoa, na hakuna wa kumuuliza. Akasimama nayo mbele ya wanawake wenzake.

"Ni mimi nilimpikia huyu," akasema. "Msitafute mwingine. Nilimpa mahindi mazuri niliyokuwa nayo, yale ya kwangu, ya chini ya kitanda changu. Na yalikuwa mabaya. Sikujua. Ngai anajua sikujua."

Akaenda nyuma ya nyumba akaimwaga. Kanini akaingia ndani bila kuambiwa, akaanza kuvuta gunia kutoka chini ya kitanda. Mutua aliona kutoka barabarani, akaja na jembe, akaanza kuchimba shimo mbali na kisima, mgongo wake ukiwa umemwelekea mama mkwe wake. Mamangu akapita nyuma yake akiwa na karai la mahindi, akaweka kibuyu cha maji karibu na miguu yake, akaendelea. Ilitosha.

Wale wanawake wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nilidhani wameudhika. Kutupa chakula Kyuso ni jambo ambalo hata kulisema ni vibaya, na wengi wao hawakuwa na kingine. Nikakaa kwenye mkeka nikiwa nimechoka kabisa, nikimfikiria Ndinda akiwapikia watu wake jioni hiyo. Jua lilikuwa limeanza kulegea nilipomwona anarudi na gunia kichwani. Nyuma yake mwingine akisukuma mkokoteni. Wakaja kwa njia zote za kile kilima, kila mmoja na fungu lake lililotoka chini ya kitanda chake, wakamwaga shimoni, na Ndinda alipomwaga lake alilia kwa sauti kama mtu anayezika.

Msimu uliofuata ulikuwa mgumu, na sitakudanganya kwamba haukuwa. Tulisaidiana, kanisa likasaidia, watu wakapungua uzito. Mamangu nilimpeleka kwa daktari yule yule mwenye sauti kavu. Damu yake ilionyesha kwamba ini lilikuwa limeanza kuchoka, na baada ya miezi likarudi. Wajukuu walikuwa wazima. Sasa mahindi ya mwethya hukaushwa mpaka punje ilie ukiiuma, yanakaa juu ya mbao, na yenye ukungu hayaoshwi, hayapewi kuku, hayauzwi kwa mtu. Ini langu mimi daktari anasema limepona na kovu. Sibebi mizigo mizito, nachoka mapema, na kuna siku natafuta neno kwa muda mrefu kuliko zamani. Ukiwa na ugonjwa huu, mwambie aliyekupikia. Mwambie mapema, na umwambie ukiwa umekaa karibu naye.

Lakini ninapoulizwa ni lini nilijua kwamba nimepona, nasema ni siku ile ile, kabla ya kliniki yoyote kunithibitishia. Shimo lilikuwa limefukiwa. Mamangu alichambua ndengu kwenye ungo, punje kwa punje, akazichemsha, akaziunga kwa kitunguu. Aliniletea sahani. Nilipotaka kuipokea, akaizuia. Alichukua kijiko, akachota, akala yeye kwanza mbele yangu, akatafuna polepole, akameza. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na nilitaka kumwambia asifanye.

"Sasa kula, mwaitu," akaniambia.

Nikala.